Gharama za Mradi Zikizidi, Turudi Kwenye Tarakimu ya Kwanza

Ukumbi wa halmashauri ulikuwa na joto, feni moja tu kati ya tatu ikizunguka, nami nimesimama mbele ya madiwani na viongozi wa chombo cha watumia maji, karatasi mkononi. Mradi wenyewe ulikuwa wa maji: kisima kirefu, tangi la lita 100,000 juu ya mnara, bomba kuu na vituo vya kuchotea. Gharama ilikuwa imeupita mkataba kwa karibu robo. Ukutani, kwenye mwanga wa projekta, nilikuwa nimeweka sentensi ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye vikao vya namna hii ameshaiona: "Ongezeko limetokana na mabadiliko ya kazi pamoja na changamoto za kijiolojia."

Mama mmoja, mwenyekiti wa chombo kile cha maji, aliomba nafasi. "Mwanangu Injinia," akasema, "mimi mambo ya visima sikuyasomea. Nauliza tu. Siku ile mlipokuja kijijini na namba ya kwanza, haya mnayotuambia leo mlikuwa hamyajui kabisa?"

Nilimjibu kwa maneno mengi. Nikaeleza miamba inavyotofautiana, mashine ya kuchimba inavyolipwa kwa mita, mabomba ya kuzuia kuta za kisima zisiporomoke. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaketi. Nilijua sijamjibu. Jibu la swali lake lilikuwa neno moja: tulijua. Ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini, iliyokuwa ndani ya faili langu mwenyewe, ilisema maji yanatarajiwa kupatikana kati ya mita 90 na mita 150. Kwenye mchanganuo wa gharama ikaandikwa mita 90, kwa sababu kwa mita 90 mradi ulienea ndani ya ukomo wa bajeti. Maji tuliyapata kwenye mita 142.

Tangu siku ile nimekuwa na msimamo mmoja kuhusu namna ya kuwaeleza wadau gharama zilizozidi, na ndio ninaoutetea hapa. Maelezo ya kweli huanza na tarakimu ya kwanza: ilitoka wapi, nani aliiandika, na ni kitu gani kilichojulikana siku hiyo kikaachwa nje. Ukianza na mvua, dola au mwamba, umeanza hadithi katikati, na msikilizaji mwenye akili zake anaona pengo hata kama hana lugha ya kitaalamu ya kulitaja.

Aliyejenga nyumba analijua jambo hili kwa mfuko wake. Fundi anakuambia boma litasimama kwa milioni kumi na mbili. Anajua fika kwamba kiwanja kina mteremko, msingi utakula tofali na saruji kuliko alivyopiga hesabu, na bei ya nondo haitakusubiri. Lakini anajua pia kwamba akikutajia milioni kumi na nane utamshukuru, kisha utamwita fundi mwingine. Basi anataja kumi na mbili, nawe unafurahi. Miezi sita baadaye mnagombana kuhusu tripu za mchanga, na ugomvi wenu hauna uhusiano wowote na mchanga.

Taasisi kubwa hufanya hivyohivyo, tofauti yake ni wingi wa kurasa. Chukua jengo la Bunge la Scotland, Holyrood, mjini Edinburgh. Mwaka 1997 serikali ilitaja makadirio ya kati ya pauni milioni 10 na milioni 40. Jengo lilianza kutumika mwaka 2004, zaidi ya miaka mitatu nyuma ya ratiba, na hesabu ya mwisho ilifika pauni milioni 414. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Fraser ulipekua makabrasha yote, na ndani yake kuna kipande ambacho kila mhandisi, mhasibu na meneja wa mradi angepaswa kukisoma akiwa peke yake. Juni 1999 wabunge waliambiwa mradi utagharimu pauni milioni 109. Wakati huohuo washauri wa gharama walikuwa wameshawapa maofisa hesabu kubwa zaidi, yenye zaidi ya pauni milioni 20 za kukabili hatari walizokwisha kuziona. Fedha hizo za tahadhari ziliondolewa kabla namba haijamfikia waziri. Wabunge wakapigia kura namba iliyonyolewa.

Kuna jambo la pili Holyrood, nalo linahusu aina ya mkataba. Maofisa walichagua utaratibu ambao kazi inagawanywa vipandevipande na kuanza kabla michoro yote haijakamilika. Kwa utaratibu huo hatari ya bei kupanda hubaki kwa mwenye mradi, mkandarasi haibebi. Unaweza kuwa uamuzi wa busara ukiwa na haraka, ilimradi anayelipa ameambiwa ameubeba mzigo huo. Mawaziri hawakuambiwa. Fraser alipomaliza kuwahoji wahusika aliandika kwamba hakumpata mhalifu mmoja wa kubebeshwa lawama zote, na kwamba kuta za kale za Canongate, mtaa lilipo jengo hilo, zilikuwa zikirudisha mwangwi wa kilio kimoja: si mimi.

Nimeshuhudia "si mimi" za aina hiyo hapa kwetu, zikiwa zimevaa suti ya lugha. "Sababu zilizo nje ya uwezo wetu." "Mabadiliko ya mawanda ya mradi." "Changamoto mbalimbali." Neno changamoto limefanya kazi nyingi mno katika ripoti zetu mpaka limechoka. Mtu akisoma "changamoto za ununuzi" hajui kama zabuni ilitangazwa kwa kuchelewa, au pampu ililetwa isiyo sahihi, au mzabuni alikosa mtaji. Mambo hayo matatu yana wahusika watatu tofauti na dawa tatu tofauti. Ukiyafunika kwa neno moja, kila mdau atachagua tafsiri yake, na tafsiri iliyo karibu zaidi na mdomo wa Mtanzania ni kwamba fedha zimepigwa.

Tuliseme hilo waziwazi, maana wataalamu wengi huliona kama matusi wakalikwepa. Mwananchi anapodhani fedha zimeliwa hafanyi hivyo kwa ubaya. Ameona madarasa yaliyolipiwa yakabaki maboma. Amesikia ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zikisomwa. Kwa hiyo mtoa maelezo asisubiri aulizwe. Aseme: kati ya ongezeko hili, hiki kina risiti na vipimo vyake, vitabu viko wazi, mkaguzi anakaribishwa, na hiki bado sijaweza kukithibitisha. Sentensi hiyo ya mwisho inatisha kuitamka mbele ya watu. Nimeona pia kwamba ndiyo inayofanya sentensi nyingine zote ziaminiwe.

Mfano wa maelezo mazuri uko mbali kidogo na visima vya wilayani, ila naupenda kwa sababu ulihusu mradi mgumu kuliko wowote ninaoufahamu: darubini ya anga ya James Webb, ya NASA ikishirikiana na mashirika ya anga ya Ulaya na Canada. Bajeti iliyokuwa ikisimamiwa ilikuwa takriban dola bilioni 5, na kurushwa kulipangwa kuwa mwaka 2014. Mambo yalipoanza kwenda kombo, Seneta Barbara Mikulski aliandika barua Juni 2010 kutaka jopo huru liundwe. Yeye alikuwa mtetezi wa mradi huo, na ndiyo sababu barua yake ilikuwa na uzito.

Jopo hilo liliongozwa na John Casani. Ungetarajia waseme kwamba vioo 18 vya kukunjwa, ngao ya jua yenye tabaka tano na vifaa vya kufanya kazi kwenye baridi kali ndivyo vilivyokula fedha. Ingekuwa rahisi, na kila mtu angeelewa. Walisema kinyume chake: upande wa ufundi timu ilifanya kazi nzuri, tatizo lilikuwa kwenye bajeti na usimamizi. Bajeti ya mwanzo haikuonyesha gharama iliyotarajiwa kihalisi, na akiba ya kila mwaka, yaani fedha za kukabili yasiyotarajiwa, ilikuwa ndogo mno. Wakataja namba mpya: si chini ya dola bilioni 6.5, na darubini haitarushwa kabla ya Septemba 2015.

Hapo kwenye "akiba ya kila mwaka" nataka nikae kidogo, maana ndipo miradi mingi inapovujia bila mtu kuona. Tuseme mradi una akiba, lakini imewekwa mwaka wa nne. Tatizo linatokea mwaka wa pili. Meneja hana fedha ya kulitatua mwaka huo, basi anafanya jambo linaloonekana la kiungwana: anasogeza kazi nyingine mbele ili apate fedha. Kazi iliyosogezwa ilikuwa inasubiriwa na watu wengine. Wahandisi wale hawawezi kuachishwa kazi wakarudishwa baada ya miezi minane, kwa hiyo wanaendelea kulipwa wakisubiri. Mtambo wa majaribio uliokodiwa unaendelea kulipiwa. Kazi ambayo ingegharimu shilingi mia moja mwaka wa pili inakuja kugharimu mia mbili au mia tatu mwaka wa nne. Ukiangalia vitabu vya mwaka wa pili, mradi uko ndani ya bajeti kabisa. Meneja anapongezwa. Deni limeshazaliwa, limelazwa tu chumba cha nyuma.

Hapa kwetu ndugu wa deni hilo anaitwa riba ya kuchelewesha malipo. Mkataba unaweka siku ambazo hati ya malipo ya mkandarasi inapaswa kuwa imelipwa. Siku zikipita, riba inaanza kuhesabiwa, na mitambo ikisimama saiti kwa kukosa malipo inaleta madai yake pia. Ripoti za ukaguzi zimelitaja jambo hili mwaka baada ya mwaka. Lakini jaribu kukumbuka kikao kimoja cha wadau ambapo ofisa aliyesimama mbele alisema: sehemu hii ya ongezeko ni kwa sababu sisi wenyewe tulichelewa kulipa. Ni vigumu, kwa sababu wanaomsikiliza ndio pengine walioshika fungu. Hata hivyo namba haipungui kwa kunyamaziwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na riba haina subira hata ya maradhi.

Kuna ongezeko ambalo kweli halina mkosaji, nalo lipewe haki yake. Chukua pampu na mfumo wake wa umeme jua, bei dola 40,000. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa takriban shilingi 2,300. Pampu hiyo ni shilingi milioni 92. Katikati ya 2024 dola ilikuwa imeshapita shilingi 2,600. Kwa 2,650 pampu ileile, kutoka kiwanda kilekile, ni shilingi milioni 106. Milioni 14 zimepotea bila mtu kugusa hata skrubu. Watu huelewa hesabu hii mara moja ukiwaandikia ubaoni hatua kwa hatua, kwa sababu wao wenyewe wameiona kwenye mafuta ya kula na vipuri vya bodaboda. Kisichoeleweka ni mtoa maelezo anayesema "kushuka kwa thamani ya shilingi" kisha akatumia maneno hayo kufunika hata kokoto zilizochimbwa kilomita kumi kutoka saiti. Namba inayoweza kuhesabiwa ihesabiwe mbele ya macho ya watu, ili ijulikane inaishia wapi na makosa yanaanzia wapi.

Makosa nayo yatajwe kwa majina yake. Mwaka 2018 mradi wa Webb ulikwama tena, na jopo jingine, likiongozwa na Tom Young, likaingia kazini. Safari hii sehemu ya lawama ilikuwa ya mikono ya watu. Vali za mfumo wa msukumo zilisafishwa kwa kimiminika kisicho sahihi. Waya ziliunganishwa vibaya wakati wa majaribio, vifaa vya kupimia vikapata umeme uliozidi kiwango. Skrubu na nati za kifuniko cha ngao ya jua zililegea na kudondoka chombo kilipokuwa kwenye majaribio ya mtikisiko wa sauti. Jopo liliandika mambo hayo kwa lugha ambayo fundi yeyote angeielewa, na halikuishia hapo. Lilitaja pia matumaini yaliyopitiliza na uzoefu mdogo katika baadhi ya sehemu, kama ile ngao. Tarehe ikasogezwa mpaka Machi 2021 na gharama yote ikawekwa dola bilioni 9.66. Darubini ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021.

Leo picha zake tunazo kwenye simu, na kuna watu wanaosema ubishi wote ule wa fedha umeshajibiwa na picha. Sikubaliani nao. Mradi kufanikiwa kunajibu swali la kama ulikuwa na faida. Swali la kwa nini aliyelipia aliambiwa bilioni 5 linabaki palepale, na ukilizika chini ya picha nzuri, mradi unaofuata utakuja na tarakimu yake iliyonyolewa. Nina mashaka yaleyale kuhusu namba moja ambayo imekuwa maarufu katika mikutano yetu. Mtafiti wa Denmark, Bent Flyvbjerg, alikusanya takwimu za zaidi ya miradi 16,000 duniani akakuta ni asilimia 8.5 tu iliyokamilika kwa gharama na muda uliopangwa. Ni kazi ya maana sana. Lakini nimesikia ikitumika kama blanketi: "hata Ulaya miradi inazidi." Ukijua kabla ya kuanza kwamba zaidi ya miradi tisa kati ya kumi hukosea upande mmoja au mwingine, halafu ukapeleka tarakimu moja isiyo na akiba, takwimu hiyo inakushtaki wewe.

Lipo pia suala la namba ya pili, ile unayoitoa siku ya kueleza. Shinikizo siku hiyo ni kubwa kuliko siku ya kwanza. Umeaibika, unataka kikao kiishe, na unajua namba ndogo itapokelewa vizuri zaidi. Baada ya ripoti ya Casani, na baada ya kamati ya Bunge la chini la Marekani kutaka mwaka 2011 mradi ufutwe kabisa, NASA ilikuja na mpango mpya wa dola bilioni 8.8 kwa gharama yote, pamoja na kuiendesha darubini, na Bunge likaweka ukomo wa bilioni 8 kwa kazi ya kujenga na kurusha. Ukomo huo ulipovunjwa mwaka 2018, ilibidi warudi Bungeni kuomba upya. Msamaha wa kwanza hupatikana. Wa pili una bei yake.

Ndiyo maana mimi siku hizi sipeleki namba moja. Ninasema: kilichobaki kitagharimu kati ya milioni 410 na milioni 470, namba ninayoiamini zaidi ni 445, na itakayotupeleka kwenye 470 ni mtaro wa bomba ukikutana na mwamba eneo la mlimani. NASA wana utaratibu wa kuzipangia bajeti kazi zao kubwa kwa kiwango chenye uwezekano wa asilimia 70 wa kutosha, fedha na muda vikihesabiwa pamoja. Hatuhitaji kompyuta zao kufanya hivyo kwa mradi wa kata. Tunahitaji ujasiri wa kuandika upande wa juu wa makadirio kwenye ukurasa uleule wenye upande wa chini, na viongozi wasiomfukuza mtu kwa kuuandika. Hili la viongozi nalisema kwa uchungu. Ilimradi mwenye namba ndogo ndiye anayepewa kazi, mwenye namba ya kweli atajifunza kunyamaza.

Niliomba kikao kingine na watu wa mradi ule. Safari hii niliacha projekta. Nilitoa kopi ya ukurasa mmoja wa ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini, ule wenye mita 90 mpaka 150, nikaugawa kwa kila mtu. Mama mwenyekiti aliupitia kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika kwenye namba, akasimama hapo.

"Tisini aliiandika nani?"

"Mimi, Mama Mwenyekiti."

Ukumbi ulichafuka. Mheshimiwa mmoja alitaka jina langu liandikwe kwenye muhtasari, likaandikwa. Walinibana kwa muda mrefu. Nilipomaliza kuwaonyesha mita 52 zilizozidi zilivyolipwa, kwa vipimo vya kila siku vilivyosainiwa na msimamizi wao wenyewe wa kijiji, maswali yalianza kugeuka. Wakauliza kilichobaki kinatosha nini. Wakabishana wao kwa wao kituo kipi cha kuchotea kisubiri, cha sokoni au cha zahanati, na wakaamua cha sokoni, jambo ambalo nisingethubutu kuwaamulia.

Mwishoni mama alikunja ile kopi, akaitia kwenye mkoba. Tulipopeleka makadirio ya awamu ya pili, miezi kadhaa baadaye, alikuwa nayo mezani pembeni ya karatasi zetu mpya. Alifungua ukurasa wa mtaro wa bomba, akaweka kidole kwenye namba. "Hapa mmeandika mita sitini za mwamba," akasema. "Ripoti inasemaje?"